Gati la Watoto Chicago

Dada yangu anaishi ghorofa ya tatu mtaa wa Rogers Park, kaskazini kabisa mwa jiji la Chicago, na sheria ya kwanza ya nyumba yake ni kwamba watoto hawakimbii ndani. Sakafu ni ya mbao za zamani. Mtoto wa miaka mitano akikanyaga kwa kisigino, anayekaa chini anasikia, na chini yao anakaa mzee anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Mzee huyo hajawahi kuja kugomba. Kwa sababu hiyo hiyo Dada anaona haya kumsumbua, na siku nzima utamsikia akisema, “Polepole, polepole jamani, babu amelala.”

Majira ya joto hakuna shida. Ziwa Michigan liko mitaa michache tu kutoka mlangoni kwao, lina fukwe za umma, na watoto wanarudi jioni wakiwa na mchanga hadi masikioni. Shida inaanza Novemba. Jua la Desemba huko linazama yapata saa kumi na dakika ishirini jioni, na hata likiwepo halipashi chochote joto. Nilifika kwa Dada Desemba ya mwaka 2017, mwaka ambao baridi ilikuja kwa nguvu siku zile zile za likizo: kuanzia siku ya pili ya Krismasi, kwa siku 12 mfululizo, joto halikuvuka nyuzi 7 chini ya sifuri hata mchana. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa nimesoma habari za baridi ya namna hiyo, lakini kuivuta puani ni habari nyingine kabisa. Vinyweleo vya pua vinaganda.

Kumtoa mtoto nje katika hali ile ni kazi ya watu wawili. Soksi jozi mbili, suruali, juu yake suruali nene ya theluji, buti, sweta, koti, skafu, mzula, glavu. Na glavu zinavaliwa mwisho, kwa hiyo zipu zote lazima ziwe zimefungwa na mtu mzima. Ukimaliza, mdogo anasema anataka kwenda haja. Unavua, unaanza upya. Mkishafika nje mnakaa robo saa, mashavu yanaanza kuwa meupe, mnarudi. Shule zimefungwa wiki mbili. Siku ya tatu ya kufungiwa, mpwa wangu wa miaka tisa, mtoto mpole kabisa, alimpiga mdogo wake kwa rimoti ya televisheni, kisha akalia kuliko aliyempiga. Dada aliniangalia akasema, “Kesho tunawapeleka gatini.”

Gati lenyewe ni Navy Pier, na tamasha aliloliwaza ni lile lililokuwa likifanyika kila msimu wa Krismasi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, likiitwa Winter WonderFest. Kila kitu kilikuwa ndani ya jengo: mabembea, treni ndogo, mitelezo mirefu, ukuta wa kupanda, hata uwanja wa barafu. Ukumbi wake, Festival Hall, una ukubwa wa futi za mraba 170,000, ambao ni zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa miguu vilivyowekwa bega kwa bega chini ya paa moja. Nilipoambiwa ukubwa huo sikuuliza kuhusu mabembea. Niliwaza tu hawa watoto wakipewa nafasi ya kukimbia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine bila mtu kuwaambia polepole.

Hatukwenda peke yetu. Mlango unaotazamana na wa Dada anakaa mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, na wanawe watatu. Alivuka Ziwa Tanganyika akiwa kijana na akaishi miaka mingi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Watoto wote watatu walizaliwa humo. Mkubwa ni msichana, wakati huo alikuwa na miaka 12, mrefu, mwenye maneno machache. Familia nyingi za Kikongo zilizoletwa Chicago ziko upande ule wa kaskazini, na ukipita kwenye korido za majengo ya Rogers Park saa za kupika utasikia Kiswahili kabla hujasikia lugha nyingine. Mama yule alikuwa akisafisha vyumba hotelini na siku hiyo hakuwa na zamu. Dada alipomgongea mlango alisimama kidogo akifikiri.

“Ku Uvira batoto banacheza inje tangu asubuyi,” alisema. “Huku beko mu nyumba tu. Twende.”

Basi tukaondoka, watu wazima watatu na watoto watano, tukapanda treni ya laini nyekundu. Jijini humo mtoto aliye chini ya miaka saba halipi nauli akiwa na mkubwa wake, na hilo nalitaja kwa sababu kwa familia yenye watoto wengi nauli ndiyo inayoamua kama safari ipo au haipo. Treni ile kwanza inakwenda juu ya nguzo, usawa wa ghorofa ya pili na ya tatu, ikipita nyuma ya nyumba. Unaona ngazi za mbao za uani, baiskeli zilizofunikwa theluji, nguo zilizosahauliwa kwenye kamba zikiwa zimekauka kwa baridi na kusimama wima. Tulipofika kituo cha Addison tuliuona uwanja wa besiboli wa Wrigley Field ukiwa mtupu na mweupe. Baadaye treni ikazama ardhini, watoto wakapiga kelele za furaha kwa giza, na tukashuka Grand, tukadandia basi namba 65 hadi mwisho wa njia.

Mtu aliyelelewa karibu na bandari anapoambiwa gati, anawaza makuli, kreni na harufu ya mkonge. Navy Pier nayo ilianza hivyo. Mwaka 1909 mchoraji wa majengo Daniel Burnham alitoa mpango wake mkubwa wa kuipanga upya Chicago, na ndani yake kulikuwa na magati mawili ya kuingia ziwani. Likajengwa moja. Lilifunguliwa mwaka 1916, likiwa na urefu wa karibu kilomita moja, limesimama juu ya maelfu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye udongo wa ziwa. Tangu siku ya kwanza liligawanywa: sehemu ya shehena, sehemu ya abiria wa meli za ziwani, na sehemu ya mwisho kabisa ya watu kupunga upepo na kusikiliza muziki. Mwaka 1927 likapewa jina la Navy Pier kwa heshima ya wanamaji wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakati wa vita vya pili jeshi la majini lililichukua lote kwa mafunzo, na manowari mbili za kurukia ndege, zilizokuwa meli za abiria zikabadilishwa, zilikuwa zikitokea hapo kuwafundisha marubani kutua ziwani. Kuanzia 1946 hadi 1965 likawa chuo kikuu: tawi la Chuo Kikuu cha Illinois lilisomesha humo wanajeshi waliorudi vitani na watoto wa wafanyakazi. Baada ya hapo lilidorora miaka mingi, mpaka mwaka 1995 lilipofunguliwa upya kama mahali pa matembezi.

Nilimweleza mpwa wangu habari ya ndege kutua juu ya ziwa. Alisikiliza nusu. Tulikuwa tumeshaingia kwenye njia ndefu ya ndani, yenye maduka upande mmoja, na mbele yake kulikuwa na sakafu tupu inayokwenda mbali. Aligeuka akamtazama mama yake. Dada akatikisa kichwa kukubali, na watoto wote watano wakachomoka.

Kelele za ukumbi zilitufikia kabla ya ukumbi wenyewe. Ni kelele za watoto mamia kwa mamia wanaopiga mayowe kwa wakati mmoja, muziki wa Krismasi ukiwa chini yake, na injini za mabembea. Juu, darini, zilining’inia taa na mapambo. Miti ya Krismasi ilipangwa safu. Baba Krismasi alikuwa kwenye kiti chake na foleni ya wazazi wenye simu mikononi. Tulifungwa utepe mkononi, kila mmoja rangi yake. Kulikuwa na tiketi ya kuingia tu, kwa wakubwa wasiotaka kupanda chochote, na tiketi ya michezo yote. Kitu cha kwanza ambacho mtu anapaswa kujua ni kwamba ndani kuna joto. Zile nguo zote mlizohangaika kuvaa zinavuliwa hapo hapo, na makoti manane mazito, mizula minane na glavu kumi na sita ni mzigo. Mimi ndiye niliyebaki nayo saa ya kwanza, nimekaa kwenye benchi karibu na treni ndogo, na kwa kweli pale ndipo nilipoona vizuri kuliko wote.

Niliona watoto wanavyochagua. Wadogo wa yule mama wa Uvira, wavulana wawili wa miaka saba na tisa, hawakuhangaika na foleni. Walikwenda moja kwa moja kwenye majumba ya plastiki yaliyojazwa upepo, wakapanda ngazi, wakateleza, wakazunguka, wakapanda tena, bila kusemezana, kwa bidii ya watu wanaolipwa. Mpwa wangu mkubwa alitaka ukuta wa kupanda. Alifungwa mikanda kiunoni, akapanda hadi nusu, akatazama chini. Nilimwona amegandia pale huku mkono mmoja ukitafuta. Kijana aliyeshika kamba chini alimwambia kitu nisichosikia, na mguu wake wa kushoto ukainuka ukapata kishikio. Alipofika juu aligonga kengele mara tatu, ya tatu kwa nguvu zaidi.

Yule mdogo, binti wa miaka mitano, yeye moyo wake ulikuwa kwenye viti vinavyozunguka hewani vikiwa vimefungwa kwa minyororo. Mlangoni pake kulikuwa na ubao wenye alama ya kimo. Alisimama penye ubao, akajinyoosha kwa ncha za vidole. Msimamizi, kijana wa pengine miaka ishirini mwenye kofia yenye masikio ya paa, alichuchumaa hadi macho yao yakawa sawa, akaonyesha visigino. Visigino vikashuka. Alipungua kwa upana wa vidole viwili. Nilidhani kijana angeshika wa nyuma yake, maana foleni ilikuwa ndefu. Badala yake alichukua ramani ya ukumbi, akaikunjua gotini, akawa anamwonyesha kwa kidole, hiki unaweza, hiki unaweza, na hiki hapa hata wakubwa wanakiogopa lakini wewe unaruhusiwa. Binti aliondoka pale bila chozi, ameshika ramani kama hati ya kiwanja, akitangulia mbele yetu kutuelekeza. Watoto wengi hukataliwa vitu vingi kwa siku. Namna ya kuwakataa ni sanaa, na kijana yule alikuwa nayo.

Barafu ilikuwa upande wa mbali wa ukumbi, na iliitwa kwa jina la Blackhawks, timu ya magongo ya barafu ya jiji hilo. Chini ya uwanja wa namna ile hupitishwa mabomba yenye kimiminika kilichopozwa chini ya kiwango cha kuganda. Maji humwagwa juu kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka yanakuwa kioo. Viatu vyake vina ubao wa chuma chini, na ukiugeuza utaona kwamba si kisu kimoja: katikati una mfereji mwembamba, kwa hiyo kila kiatu kina makali mawili. Anayejua hulalia makali ya upande mmoja au mwingine, na ndivyo anavyokata kona.

Msichana wa miaka 12 alikuwa ameketi ubavuni mwangu tangu tuingie. Hakupanda kitu. Nilimuuliza kama anaogopa, akatikisa kichwa. Nilimuuliza kama amechoka, akatikisa kichwa. Alikuwa akitazama barafu tu, hasa msichana mmoja wa rika lake aliyekuwa akirudi kinyumenyume na mikono nyuma. Mwishowe alisema, “Mjomba, wanakodisha vile viatu?” Hakuzaliwa tumboni mwa dada yangu, lakini mbele ya wapwa zangu naye aliniita mjomba, na mimi nikapokea.

Kufunga kamba za viatu vile ni kazi ya mikono yenye nguvu. Ukilegeza, kifundo cha mguu kinapinda. Nilipiga goti nikavuta, tundu baada ya tundu, hadi akasema inabana, na mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa akivua vyake karibu nasi akasema vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Akasimama kwa mara ya kwanza. Alitembea juu ya zulia la mpira hadi kwenye mlango mdogo wa uzio, akaweka mguu mmoja barafuni, ukaondoka wenyewe. Alishika uzio kwa mikono yote miwili.

Kulikuwa na vishikio vya plastiki ambavyo watoto huvisukuma mbele ili wasianguke. Alivitazama, na kwa kuwa vilikuwa vimeshikwa na watoto wa miaka minne, akaviacha. Alizunguka uwanja mzima ameshika uzio, mkono baada ya mkono. Mzunguko wa pili aliachia mkono mmoja. Kisha akaanguka, vibaya, kwa makalio, na nilisikia mgongano kutoka nje ya uzio. Mama yake akasimama. Yule mzee, aliyekuwa bado hajaondoka, alimwita kwa sauti ya taratibu: kunja magoti, tazama mbele, usitazame miguu. Nikamtafsiria, ingawa alikuwa ameshaelewa. Alikunja magoti. Akaachia mikono yote.

Alikuwa hajafika popote, labda hatua nne, gari la kulainisha barafu likaja wote wakatolewa nje. Gari hilo watoto wanalipenda kuliko Baba Krismasi. Linakwangua ngozi ya juu iliyochakaa na kuacha nyuma yake utepe wa maji ya moto yanayoganda kuwa laini. Aliyelibuni, mwaka 1949, alikuwa fundi wa majokofu na barafu huko California, Frank Zamboni, na hadi leo Wamarekani hawaliiti kwa jina jingine ila la kwake. Msichana wetu alisimama kwenye uzio dakika zote zile, akilifuata kwa macho, na mlango ulipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuingia. Hatukumwona tena hadi saa ya kuondoka. Namaanisha tulimwona akipita, na kupita, na kupita, lakini hakuwa na habari nasi.

Nimesikia watu wakisema kwamba matamasha ya namna hii ni ya kuwaharibu watoto, kwamba ni biashara tupu yenye taa. Biashara ilikuwepo. Karibu kila bembea lilikuwa na jina la kampuni fulani, sukari iliuzwa kila kona kwa bei ya kukera, na kutoka nje lazima upite penye vitu vya kununua. Foleni za mchana zilikuwa ndefu. Anayetaka kufaidi afike milango inapofunguliwa, siku isiyo ya mwisho wa wiki. Lakini mimi nilikuwa nimekaa siku kadhaa kwenye fleti ya Dada, nimesikia neno polepole likisemwa mara nyingi kuliko jina la mtoto yeyote. Mtoto anatakiwa kukimbia, kuanguka, kupanda kitu kirefu, kupiga kelele hadi koo liwashe. Nyumbani Tanga hayo hayahitaji tiketi; yako nje ya mlango mwaka mzima. Jiji lenye miezi mitano ya baridi lina deni kwa watoto wake, na ukumbi ule ulikuwa unalilipa sehemu.

Sehemu, kwa sababu si watoto wote waliofika. Mwaka ule kima cha chini cha mshahara Chicago kilikuwa dola 11 kwa saa. Tiketi za mama yule na wanawe watatu zilikaribia mshahara wake wa siku nzima ya kutandika vitanda, kabla ya kodi. Mimi na Dada tulichanga, na yeye alipokea kwa heshima, akapika sombe, yaani kisamvu, siku iliyofuata akatuletea sufuria zima. Lakini kwenye lile jengo lao kulikuwa na familia nyingine ambazo watoto wake walitutazama tukitoka, na hatukuweza kuwachukua wote. Kuingia kwenye gati lenyewe ni bure siku zote. Laiti mji ungetenga walau asubuhi moja kila Desemba ya kuufungua ukumbi kwa watoto wa shule zake bila malipo; mabembea yanazunguka hata hivyo.

Kabla ya kurudi tulitoka nje kwenda kwenye gurudumu kubwa. Hapa ndipo jina la Burnham linaporudi. Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893 yalifanyika Chicago, na yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Paris ilikuwa imejenga mnara wa Eiffel miaka minne kabla, na Burnham aliwachokoza wahandisi wa Marekani walete kitu cha kuushinda. Akajitokeza George Washington Gale Ferris, mjenzi wa madaraja, akiwa na mchoro wa gurudumu la chuma lenye kimo cha mita 80, na vyumba 36, kila kimoja cha watu 60. Lilizunguka, na zaidi ya watu milioni 1.4 walilipa senti 50 kulipanda. Ferris alifariki mwaka 1896 akiwa na miaka 37 tu, na gurudumu lake lilibomolewa kwa baruti St. Louis mwaka 1906, lakini magurudumu makubwa ya sikukuu yaliyofuata duniani ni watoto wa lile. La Navy Pier la sasa liliwekwa mwaka 2016, gati lilipotimiza miaka 100. Lina kimo cha kama mita 60 na vyumba vilivyofungwa kwa vioo, kwa hiyo hata baridi ile haikutuzuia.

Tulipofika juu jua lilikuwa linaondoka. Upande mmoja majengo yalikuwa yanawaka taa. Upande wa pili lilikuwa ziwa, na kando ya ziwa, kadiri macho yalivyofika, kulikuwa na mabamba meupe ya barafu yaliyokuwa yakigongana taratibu. Mama wa Uvira aliweka kiganja kwenye kioo.

“Ziwa inakuwa jiwe?” aliuliza.

Mpwa wangu, ambaye anapenda takwimu, alimwambia kwamba ni ukingo tu, katikati ni maji, na kwamba Ziwa Michigan lina kina cha mita 281. Nikamwongezea kwamba Ziwa Tanganyika lina mita 1,470. Mtoto alinitazama kama ninayemdanganya. Mama akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza siku ile, akawashika wanawe mabega akiwaambia, mmesikia, mmesikia, ziwa letu. Wavulana wakaanza kubishana kama meli ya Navy Pier ingeweza kufika chini ya maji yote hayo ikizama. Msichana hakubishana. Alikuwa ameuliza swali jingine: kama barafu ya ziwani inaweza kuchezewa. Dada akamwambia hapana, hiyo inaua watu. Barafu ya kuchezea ipo nyingine.

Na ilikuwepo. Usimamizi wa bustani za umma za Chicago una zaidi ya majumba 200 ya michezo yaliyotapakaa mitaani, mengi yakiwa na ukumbi wenye joto na mpira wa kikapu. Yale ya kwanza yalijengwa upande wa kusini wa jiji mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili hasa ya watoto wa wahamiaji waliosongamana katika nyumba za kupanga. Ada yake ni ndogo. Mbali na hayo kuna viwanja vya barafu vya wazi, na kimojawapo kiko bustani ya Warren, Western Avenue, safari fupi ya basi kutoka nyumbani kwa Dada. Dada alikuwa amekaa miaka kadhaa mtaa ule bila kuwahi kukanyaga hapo, kwa sababu hakuna mtoto wake aliyejua kuteleza na hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kusimama kwenye baridi.

Tamasha lile lenyewe halipo tena. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020 gati lilifungwa, na mwaka 2021 ukumbi ule ule ukapewa tamasha jingine la msimu, la taa, liitwalo Light Up the Lake, ambamo barafu ya ndani haikukosekana. Nadhani kwa watoto jina halina uzito. Kinachowahusu ni ukubwa wa sakafu.

Siku chache kabla sijaondoka tulikwenda Warren. Ilikuwa nyuzi 10 na kitu chini ya sifuri, anga ni la buluu kabisa. Msichana alikuwa amevaa suruali ya theluji ya Dada, imekunjwa kiunoni kwa pini. Safari hii alifunga kamba mwenyewe, akavuta mpaka vidole vikawa vyekundu. Mama yake alikuwa na thamosi ya chai ya maziwa na tangawizi, akitugawia kwa kifuniko, na wale wavulana wawili walikuwa wameshika uzio wakidai zamu yao. Alipita mbele yetu amekunja magoti, anatazama mbele. Kwenye kona alilalia makali ya ndani, akayumba, akashika njia. Mtu mmoja wa pale, mwenye filimbi shingoni, alituuliza kama tunataka kumwandikisha kwenye mafunzo ya Januari. Mama akauliza ni shilingi ngapi, kisha akajirekebisha, dola ngapi. Alipotajiwa, alifungua pochi pale pale.

Tulipomwita tuondoke alituonyesha kidole kimoja, yaani mzunguko mmoja zaidi, na tukamwacha.